Muulize Mwalimu wa Renji: Siku ya bunduki za kitambo, na mgeni mwenye hajawahi kushika hata moja

Mwezi huu barua karibu zote zinauliza jambo moja. Klabu yetu ya shabaha huku upande wa Nakuru imepanga Jumamosi ya bunduki za kitambo, memba watoe kwa sefu zile za wazee wao, waziweke mezani, wageni wakuje waone na wale wako tayari wapige shabaha kidogo. Kuna wenye wanaogopa kuja na kuna wenye wanaogopa kuleta bunduki zao. Nimechagua barua sita.

Mwalimu habari yako. Mimi ni dada wa miaka 27, nafanya uhasibu hapa Nakuru. Mwenzangu kazini ni memba na amenialika hiyo Jumamosi. Sijawahi kushika bunduki maisha yangu yote. Naogopa kuchekwa, na naogopa sheria maana sina leseni. Sasa niende ama niwache? — Msomaji, Section 58

Dada yangu, nenda, lakini tuanze na sheria kwa sababu hiyo haina mchezo. Cheti cha bunduki Kenya kinatoka kwa Bodi ya Leseni za Silaha, chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na kina jina la mtu na namba ya bunduki yenyewe. Si cha familia, si cha marafiki, hakiazimwi kama sufuria. Kwa hivyo huko kushika bunduki ya mwenzako tunakosema ni kwa renji yenye imekubaliwa tu, klabu ikisimamia, mwenye bunduki akiwa bega kwa bega na wewe, na ukimaliza unaiweka chini hapo hapo kwa laini ya kupigia, hutoki na bunduki wala risasi hata moja kwa mfuko. Kabla ya siku hiyo muulize mwenzako swali moja, klabu imepewa ruhusa ya kupokea wageni wasio na cheti? Wakikuonyesha karatasi, sawa. Wakikwambia usijali sisi tunajuana na watu, panda matatu urudi nyumbani.

Ya kuchekwa sasa. Hiyo naijua kwa mwili wangu. Mara yangu ya kwanza nilienda kwa klabu fulani, sitaitaja, nilikuwa kijana mwembamba na nikapewa bunduki ya marisawa ya mitutu miwili, ile nzito ya 12, nikaambiwa tu haya piga. Hakuna mtu alinionyesha kwamba kitako kinakaa ndani ya bega, kimeshikana na mwili kabisa. Nilikiacha na nafasi kama ya vidole viwili, nikavuta, na ile bunduki ikarudi nyuma ikanipiga bega na kidole gumba changu kikapasua mdomo wangu. Nyuma yangu walikuwa wamesimama na soda wanacheka, na kumbe walikuwa wanangoja hiyo, ndio ilikuwa burudani yao ya asubuhi. Bega lilikuwa la bluu wiki mbili. Nilikaa miaka sita bila kurudi kwa renji yoyote. Chenye kilinirudisha ni mzee mmoja mstaafu mwenye alinialika kwingine, akanipa raifo ndogo ya .22, akatandika turubai, akalala chini kando yangu kwa tumbo na miaka yake yote ile, na maneno aliniambia yalikuwa mawili, pumua, halafu ngoja. Nilipiga karatasi. Hakupiga makofi, alinipa risasi ingine tu.

Ndio maana nasema klabu nzuri utaijua kwa venye inafanya na mgeni ndani ya dakika kumi za kwanza. Ukifika unaandikwa jina na namba ya kitambulisho, halafu mtu mmoja anapewa wewe, mtu mmoja na si kila mtu kukushauri kwa wakati mmoja. Anakuketisha pahali bila bunduki kwanza akueleze yale manne. Kila bunduki ihesabu ina risasi hata kama umeona mwenyewe ikifunguliwa. Mdomo wa bunduki usielekee kitu hutaki kuharibu. Kidole kikae nje ya traiga mpaka macho yawe kwa shabaha na umeamua. Na ujue nyuma ya shabaha kuna nini. Halafu unapewa miwani na vya kuziba masikio, na hii usikubali kukosa hata kama wazee hawavai. Mlio wa raifo kubwa unapita desibeli 140, kiwango ambacho mlio mmoja tu unaweza kukuharibia sikio milele, na wengi wa wale wazee hawavai kwa sababu tayari hawasikii.

Mavazi: viatu vya kufunika, nywele zimefungwa, na blauzi yenye imefungwa mpaka shingoni. Hii ya shingo watu husahau kuwaambia akina dada. Ganda la risasi likiruka kutoka kwa bunduki huwa lina moto, na likiingia kwa blauzi iliyo wazi mtu anaruka na kugeuka akiwa bado ameshika bunduki, hapo sasa kila mtu kwa laini yuko hatarini juu ya shingo wazi. Likikuingia hata hivyo, weka akilini kabla: bunduki inabaki imeangalia mbele, unavumilia, unaiweka chini, ndio unajishughulikia.

Na usikubali kuanza na kubwa. Uanze na .22, haina teke, mlio ni mdogo, mtu anajifunza kulenga bila mwili kuanza kuogopa. Mwili ukishajifunza kuogopa unafunga macho kabla ya kuvuta, na kuutoa hiyo tabia ni kazi ya miezi. Pia mwambie akupime jicho, unanyoosha mikono, unafanya katundu kadogo kwa viganja, unaangalia kitu kiko mbali, halafu unafunga jicho moja moja. Jicho lenye linabaki na kile kitu ndilo lako la kulenga, na si lazima liwe la upande wa mkono unaoandikia.

Mwalimu, nina raifo ya Kiingereza, Enfield ya .303, ya marehemu baba, imeandikwa 1915. Karatasi ziko sawa, ilipita ule msasa wa serikali kwa wenye leseni za bunduki, wa baada ya Desemba 2018. Memba wananisukuma niilete na niwachie wageni wapige. Risasi zenyewe ni shida kupata na ni ghali. Na mtu akiniharibia? Kusema ukweli moyo wangu haujakubali. — Mzee wa Njoro

Mzee wangu, naelewa kabisa, hiyo si bunduki tu, hiyo ni mkono wa baba yako. Na sitakulazimisha, mtu akikataa kuleta ya baba yake hana deni kwa mtu. Lakini nikwambie venye naonaga, halafu uamue.

Bunduki kama hiyo ikikaa kwa sefu inajulikana na mtu mmoja tu. Siku hiyo mtu huyo akiondoka, watoto wanabaki na chuma na makaratasi, hawajui ilikuwa nini. Watu wenye wanaweza kuendelea kuijali ni hawa wageni wenye bado hawajui tofauti ya bolti, kile chuma cha kufunga risasi ndani, na traiga. Sasa kama mgeni anakuja anaona meza imejaa bunduki na kibao cha usiguse, anarudi nyumbani akisema aliona vitu vya wazungu.

Na hadithi yake si ya wazungu peke yao. Risasi ya .303 iliingia kwa jeshi la Uingereza 1888, hiyo Enfield fupi ya Mark III ikafuata 1907. Keya, lile jeshi la Waafrika chini ya Waingereza (King's African Rifles), ilianzishwa 1902, na babu zetu wa huku, Wanandi, Waluhya, Wajaluo, walizibeba begani. Juni 1915, mwaka huo huo wenye umeandikwa kwa bunduki yako, wanajeshi walipandishwa meli hapo Kisumu, wakavuka ziwa kwenda kushambulia Bukoba kwa Wajerumani, wakaharibu mtambo wao wa simu ya upepo. Miezi kadhaa kabla, Novemba 1914 huko Tanga, askari wengi wa Mjerumani walikuwa bado na raifo ya Mauser ya 1871 yenye inatumia baruti nyeusi, kila wakipiga wingu la moshi linapanda na kuonyesha wamelala wapi, na hata hivyo walishinda. Mgeni akiambiwa hivyo na amesimama mbele ya bunduki mbili, moja ya moshi na moja bila moshi, anaelewa kitu chenye kitabu hakimpi. Vita vya pili, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka Bonde la Kabaw huko Burma 1944 wakati wa mvua, na kwa vijiji vingi huku Magharibi kulikuwa na mzee alikuwa anaitwa wa Bama.

Mwambie pia ile ingine. Bunduki za Keya ndizo zilipanda milima ya Nandi 1905, mwaka wenye Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliitwa kwa mazungumzo ya amani akapigwa risasi na Meinertzhagen, afisa wa Keya. Mgeni wako anaweza kuwa mjukuu wa Keya ama mjukuu wa wale walipigwa na Keya, na kwa Njoro na Nakuru unaweza kupata wote wawili kwa gari moja. Usimfiche nusu.

Sasa venye unaileta. Kwanza fundi wa bunduki mwenye leseni aiangalie kabla ya siku, na hii usiruke. Kwa Enfield kuna namba imepigwa kwa mkono wa bolti na ingine kwa mwili wa bunduki, zinafaa kuwa sawa. Kama hazifanani maana yake bolti ilibadilishwa pahali fulani kwa hiyo miaka mia na zaidi, na nafasi kati ya bolti na kitako cha risasi inaweza kuwa kubwa kupita kiasi, ganda linapasuka ndani. Aangalie pia mbao kama imepasuka karibu na traiga. Akisema isipigwe, ilete tu ionekane, hakuna mtu atakulaumu.

Akisema iko sawa, magazini inabeba risasi kumi lakini wewe kwa mgeni weka moja. Moja tu. Anapiga, anafungua bolti, anaona ni tupu, ndio unampa ya pili. Ukiwapa watu watano risasi tatu kila mmoja ni kumi na tano, mchana umeisha na watu watano hawatakusahau. Gharama klabu ichange, wageni walipe klabu, lakini usiuzie mtu risasi mkononi, kuuza risasi ni kazi ya dila mwenye leseni. Na kaa karibu, mkono wako ufikie kitako. Risasi za zamani zina tabia. Ukivuta na isilie, bunduki inabaki imeangalia shabaha, mnahesabu pamoja mpaka nusu dakika imeisha, mimi hungoja dakika nzima, kwa sababu baruti iliyozeeka inaweza kuchelewa kushika. Na ikilia kama mtu amepuliza tu, puf, badala ya mlio kamili, mnasimamisha kila kitu na fundi anaangalia mtutu, maana risasi inaweza kuwa imekwama humo ndani na ya pili ikija nyuma yake mtutu unafungukia usoni.

Ya mwisho, na hii ndio hunipendeza kuliko hata kupiga. Kabla ya risasi yoyote, geuza bunduki umwonyeshe mgeni kile kisahani cha shaba nyuma ya kitako. Kina kamlango. Mwambie akisukume mwenyewe na kidole gumba. Ndani kuna kachupa ka mafuta ka shaba, na kamba ya kusafishia mtutu yenye ina uzito mdogo mwishoni, na kama zako bado zimo, mwachie azitoe azishike, afungue kachupa anuse. Nimeona mama wa miaka sitini alikuja tu kusindikiza kijana wake, alikataa kukaribia meza kabisa, lakini alipofungua hako kamlango akakuta kitambaa kimekunjwa na mtu mwenye alikufa zamani, alikaa kwa kiti na akaanza kutueleza habari ya baba yake mpaka chai ikapoa. Hakupiga hata risasi moja. Mwezi uliofuata alikuja tena.

Mwalimu, sisi tulipata bunduki ya kuka (babu) kwa dari ya nyumba ya zamani tukiibomoa, ni kama gobori na ina kutu. Naweza kuileta siku hiyo mtuambie ni ya mwaka gani? — Kijana, Bungoma

Hapana kijana, usilete. Usiibebe popote, usiifungue, usijaribu kuona kama inavuta, gobori inaweza kukaa na baruti ndani miaka hamsini na mtu akipitisha kitu cha moto ama akigonga kile kifataki cha kuwasha baruti ikalia. Iache pahali iko, toa watoto hapo, funga mlango. Nenda na mtu mzima wa boma kwa kituo cha polisi mikono mitupu, mpitie kwa chifu kama mnamjua, muwaambie mmepata nini na iko wapi, wakuje waichukue wenyewe. Usitembee nayo barabarani ati unaenda kuirudisha, mtu akikukuta na bunduki bila cheti kwa boda hatajua nia yako. Mkitaka kuweka kumbukumbu ya kuka, muulize hapo kituoni kama mnaruhusiwa kuipiga picha mkiwa nao. Na andikeni chenye wazee wanakumbuka juu yake sasa, mwenye bado anakumbuka akiwa hai. Hiyo karatasi ndio unaweza kuniletea mezani siku yoyote na nitakaa na wewe.

Mwalimu, mume wangu amejiunga na klabu na anataka twende wote. Mimi nilikuwa Kisumu mwanzo wa 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi. Hata tairi likipasuka barabarani nakaa chini. Yeye anasema nikizoea itaisha. Ni kweli? — Mama wa Kisumu

Mama, pole sana, na asante kwa kuandika, barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko hizo zingine.

Sio kweli kwamba utazoea tu kwa kuwekwa karibu na mlio. Kuna watu wamepelekwa hivyo na wakarudi nyumbani wabaya kuliko walivyoenda. Watu wengi wa Kisumu mlio wa bunduki si mchezo kwao, walisikia ule mlio ukipita mabati ya nyumba zao, na klabu yoyote ya huku yenye inasahau hiyo haijui inaishi wapi. Mwambie mume wako, kwa heshima, kwamba mwalimu amesema usiende siku ya kupiga. Kama yeye anataka uone chenye anapenda, kuna siku renji haina mlio, siku ya kusafisha na kupanga vitu, bunduki ziko wazi mezani na bolti zimetolewa. Ukitaka kuja siku hiyo unakuja, unakaa karibu na lango, ukisikia moyo unaenda mbio mnaondoka bila kuaga mtu na hakuna mtu atauliza. Usipotaka kuja kabisa, pia hilo ni jibu kamili. Na hizo stuko za miaka yote hii, zungumza na daktari ama mshauri nasaha, hospitali nyingi za kaunti zina kliniki za afya ya akili, kwa sababu hiyo ni jeraha kama jeraha lingine.

Hapa niongeze kitu kwa makamati za klabu maana najua mnasoma. Barua ya huyu mama ingeweza kuandikwa na jirani wa renji yenu. Kabla ya siku kama hii, tembeeni nyumba kwa nyumba, wiki moja mbele, muwaambie tutaanza saa nne na tutamaliza saa nane, na mshike hizo saa. Mwambieni chifu, mwambieni kituo cha polisi, mwambieni kanisa lenye liko karibu kama kuna mazishi siku hiyo. Mwaka mmoja tulisahau familia moja nyuma ya mlima, na mzee wa hapo alikuja analia amebeba mjukuu, alidhani ni vita. Tulisimamisha, tukamketisha, lakini ile sura yake sijaitoa kwa kichwa. Tangu siku hiyo orodha ya majirani naibeba mimi mwenyewe.

Niaje mwalimu, nina bunduki ya marisawa ya mitutu miwili, ya Uingereza, ilitoka kwa shamba moja la settla huku Molo, baba akainunua kihalali. Mtutu una michoro kama mkeka. Risasi za siku hizi zinaingia vizuri kabisa. Nilete wageni wapige? — Mkulima, Molo

Ilete lakini isipigwe kwanza. Hiyo michoro ya mkeka ni mtutu wa Damascus, vipande vya chuma na vya feleji (steel) vilisokotwa pamoja na kupigwa kwa moto mpaka vikashikana, ni kazi ya mikono yenye sijui kama nitaona ingine nzuri kuliko hiyo. Lakini nyingi zilipimwa kwa baruti nyeusi, na baruti ya kisasa inasukuma tofauti. Toa mitutu, angalia chini yake, kuna mihuri ya London ama Birmingham, fundi atakusomea kama ilipimwa kwa baruti ya kisasa ama bado.

Na hiyo ya kuingia vizuri ndio inadanganya watu. Bunduki nyingi za aina hiyo zilichimbwa kwa risasi yenye urefu wa milimita 65, za dukani siku hizi ni 70. Lakini hiyo 70 inapimwa risasi ikiwa imeshapigwa na mdomo wake umefunguka. Kabla ya kupigwa ni fupi, kwa hivyo inaingia kwa chumba cha 65 bila shida na unafunga bunduki unasikia klik safi. Ukivuta, mdomo wa ganda unafunguka unakosa nafasi, unaziba njia, na nguvu inapanda kwa mtutu wenye una miaka mia moja. Sasa fikiria hiyo iko mkononi mwa mtu umemkaribisha dakika kumi zimepita. Iweke mezani imefunguliwa, wageni waangalie michoro kwa jua, waguse. Inatosha kabisa.

Mwalimu, mwaka jana baada ya siku kama hii niliisafisha bunduki yangu na mafuta mazuri usiku huo huo, lakini wiki iliyofuata ndani ya mtutu kulikuwa na kutu. Mafuta yalikuwa feki? — Memba, Kisumu

Mafuta hayakuwa na shida, shida ni chumvi. Risasi nyingi za zamani za kijeshi zina fataki yenye imetengenezwa na potasiamu kloreti, na ikiungua inabakisha chumvi, karibu sawa na ile ya jikoni. Chumvi inavuta maji kutoka kwa hewa, na hewa ya Kisumu hapo kando ya ziwa inayo ya kutosha. Mafuta hayayeyushi chumvi, yanaifunika tu, inaendelea kula chuma chini yake.

Dawa ni maji. Wazee wa jeshi walifanya hivyo na ni rahisi. Siku hiyo wekeni birika kubwa kwa jiko la makaa kando ya meza, bolti itolewe, mtutu uelekezwe chini, mtu amimine maji yanayochemka kutoka nyuma kwa faneli ndogo mpaka yatoke mbele. Usiruhusu yaingie kwa mbao. Maji ya moto yanapasha chuma joto na chuma kinajikausha chenyewe, ndio maana si maji baridi. Uso wa bolti pia upanguse na kitambaa cha maji moto, watu husahau hapo. Halafu vitambaa vikavu, kimoja baada ya kingine, halafu ndio mafuta. Kesho yake asubuhi pitisha kitambaa tena, na siku ya tatu tena.

Hii kazi usiifanye peke yako nyumbani usiku. Ifanye hapo hapo renji, na mgeni wako akiwepo, ashike faneli. Waambie tu wasile chapo na mikono hiyo, risasi ni ya risasi kweli, lead yenyewe, inabaki kwa vidole, na mikono ioshwe na maji baridi na sabuni kabla ya chai. Mwaka jana dada mmoja mgeni mwenye alianza na .22 akaishia na Enfield ndiye alipitisha kitambaa cha mwisho, akakitoa, akakiangalia, akasema bado ni kijivu, akaomba kingine. Sasa yeye ndiye tumempatia birika mwaka huu.